Mto Auji Hauzibwi na Ujinga

Mpangaji wa mtaa wa Nyalenda, Kisumu, anayemwaga taka za jikoni mtoni Auji baada ya magharibi anajua vizuri anachofanya. Mvua za masika zikishika, mto huo hufurika, na yeye ni miongoni mwa wanaopandisha godoro juu ya meza. Mwanawe ameimba mashairi ya usafi kwenye tamasha la shule. Redio zimemweleza kwa Dholuo na kwa Kiswahili. Ukimwuliza kama ni sawa kutupa taka mtoni atakwambia si sawa hata kidogo, na hatakuwa anakudanganya. Kesho usiku atamwaga tena.

Kampeni nyingi za mazingira katika miji yetu hukwama mbele ya mtu huyu kwa sababu zimemdhania mjinga. Zikiona taka, zinaongeza mafunzo. Kila tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, kuna fulana, msafara wa magari yenye vipaza sauti, hotuba ya mgeni rasmi na miche michache inayopandwa mbele ya kamera. Pesa hizo zinatosha kununulia mtaa mzima ndoo zenye vifuniko. Jambo hili linanichoma, kwa sababu tunayo njia nyingine iliyochunguzwa kwa miaka mingi, na baadhi ya ushahidi wake bora ulipatikana hapa hapa magharibi mwa Kenya.

Njia hiyo ni masoko ya kijamii yanayoanzia mtaani. Wazo la masoko ya kijamii lilipewa jina mwaka 1971 na wasomi wawili wa Marekani, Philip Kotler na Gerald Zaltman, waliouliza kwa nini mbinu zinazouza sabuni zisitumike kueneza tabia zenye manufaa kwa umma. Kenya tumeliona likitumika kwa kondomu, vyandarua na dawa ya maji. Baadaye mwanasaikolojia wa Kanada, Doug McKenzie-Mohr, alilipeleka kwenye masuala ya mazingira na kulipa utaratibu: chagua tabia moja, chunguza kinachowazuia watu na kinachowavutia, tengeneza mbinu zinazolenga vizuizi hivyo hasa, jaribu kwa kundi dogo, kisha sambaza huku ukipima. Ukisoma haraka utasema hayo ni mambo ya kawaida. Lakini hatua ya pili, ya kuchunguza vizuizi, karibu kila mtu huiruka, na ndiyo inayobeba mzigo wote.

Kwa nini elimu peke yake haitoshi? Mwaka 1981 mtafiti wa Marekani E. Scott Geller alichapisha matokeo ya warsha za kupunguza matumizi ya nishati nyumbani. Washiriki walitoka wakijua zaidi na wakijali zaidi. Walipofuatiliwa makwao baadaye, kati ya watu 40 ni mmoja tu aliyekuwa amepunguza joto la mtambo wa maji moto kama walivyofundishwa. Wanane walikuwa wamefunga vichwa vya bafu vinavyobana maji, na vichwa hivyo kila mshiriki alikuwa amekabidhiwa bure. Ujuzi uliongezeka, mioyo ikasogea, mikono ikabaki ilipokuwa, isipokuwa pale ilipopewa kitu cha kushika.

Klorini ya Busia

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa maji ya chemchemi. Busia na maeneo jirani, familia nyingi huteka maji kwenye chemchemi, na maji hayo yanaweza kuwa safi yanapotoka ardhini yakachafuka kabla hayajafika kinywani. Klorini ya chupa iliuzwa madukani kwa jina la WaterGuard, kwa bei ndogo, na ilitangazwa sana. Timu ya watafiti akiwemo Michael Kremer, aliyeshirikiana na Abhijit Banerjee na Esther Duflo kupata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2019, ilikuta kwamba watu wengi walikuwa wameisikia dawa hiyo. Waliokuwa wakiitia kwenye maji yao walikuwa chini ya kaya moja kwa kila kumi.

Hapo mwenye kampeni ya kawaida angeongeza matangazo. Watafiti wakaweka chombo cha klorini palepale chemchemini. Mama anaweka mtungi chini ya chombo, anazungusha valvu, kipimo cha dawa kinadondoka ndani, anateka maji, anajitwika na kwenda zake. Halipi chochote. Mtu mmoja aliyechaguliwa na wenyeji wenyewe analinda chombo kisiishiwe na anawakumbusha wenzake. Matumizi yakapanda hadi takriban kaya sita kwa kila kumi.

Tazama vizuizi vilivyoondolewa kwa pigo moja. Bei iliondoka. Kusahau kuliondoka, kwa sababu dawa iko mahali ambapo mtu ameshika mtungi mkononi, si rafuni nyumbani nyuma ya kopo la chumvi. Kusubiri nako kulipungua makali: klorini huhitaji muda kufanya kazi, na mwendo wa kurudi nyumbani, maji yakitikisika kichwani, ni sehemu ya muda huo. Halafu kuna jambo ambalo tangazo la redio haliwezi kulifanya. Chemchemini watu wanaonana. Kutia dawa jikoni ni siri yako, lakini ukizungusha valvu mbele ya majirani watano umewaonyesha kwamba hivi ndivyo tunavyofanya hapa.

Hakuna aliyemfundisha mama huyo jambo jipya kuhusu vijidudu. Alikuwa anajua tangu zamani.

Tabia moja, iliyo wazi

Turudi kwenye taka. "Tuhifadhi ziwa letu" si tabia. Hakuna mtu anayeamka asubuhi akahifadhi ziwa. "Tupunguze taka" nayo ni rundo la tabia nyingi, kila moja ikiwa na vizuizi vyake. Kanuni ni kushuka hadi ufike kwenye kitendo ambacho mtu mwingine anaweza kukiona kikitendeka au kisitendeke: mpangaji anaweka maganda na mabaki ya chakula kwenye ndoo yake peke yake, na kuikabidhi kwa kijana wa mkokoteni siku ya kuchukuliwa. Kununua ndoo bado si tabia hiyo. Ndoo nyingi za miradi leo zinahifadhia unga.

Kwa nini nichague maganda na si chupa za plastiki? Kwa sababu katika miji ya Kenya zaidi ya nusu ya taka za nyumbani ni mabaki ya chakula na vitu vingine vinavyooza. Vikichanganywa na makaratasi na plastiki, vyote vinakuwa uchafu usiofaa. Vikitengwa, chupa na katoni zinabaki kavu na zina mnunuzi, na maganda yanakwenda kwa mfugaji wa nguruwe, kwa mtengeneza mboji, au kwa wanaofuga mabuu ya nzi kuwa chakula cha kuku na samaki. Sheria pia iko upande huo: Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inazitaka kaya zitenganishe taka zinazooza na zisizooza. Sheria hiyo watu wengi hawajawahi kuiona ikifika mlangoni kwao.

Kuna maswali matatu ya kuuliza kuhusu tabia yoyote kabla ya kuichagua. Ikifanywa, inasaidia kiasi gani? Ni wangapi wanaifanya tayari? Na asiyeifanya, kuna uwezekano gani wa kumsogeza? Tabia yenye manufaa makubwa ambayo hakuna atakayeikubali ni hasara, na ile ambayo tayari watu wote wanaifanya haihitaji kampeni.

Tofauti nyingine ni kati ya jambo linalofanywa mara moja na linalorudiwa kila siku. Kujengewa jiko la Upesi, lile lenye chungu cha udongo ambalo akina mama wafinyanzi wa magharibi wamelitengeneza kwa miaka mingi, ni uamuzi wa siku moja. Kulitumia kila siku badala ya mafiga matatu ni jambo jingine kabisa. Kuna nyumba zenye jiko zuri la kuokoa kuni ambalo huwashwa kwa chai, halafu ugali wa watu wanane ukarudi kwenye mafiga kwa sababu sufuria kubwa haitulii juu ya jiko. Anayehesabu majiko yaliyojengwa kandokando ya Msitu wa Kakamega na kuandika kwamba mradi umefaulu hajajua kama kuni zimepungua.

Kumsikiliza asiyefanya, na anayefanya

Sasa tufike kwenye hatua inayorukwa. Chukua ploti ya kupangisha yenye vyumba kumi na viwili, choo kimoja cha shimo, bomba moja uani, lango moja. Nenda ukae. Usiende na dodoso kwanza, nenda na macho. Nani hutoa taka nje? Mara nyingi ni mama au binti mdogo. Saa ngapi? Ndoo inakaa wapi mchana? Mkokoteni unapita siku gani, na ukichelewa kunatokea nini?

Vizuizi vitaanza kujitokeza, na vingi havihusiani hata kidogo na maarifa. Chumba ni futi kumi kwa kumi, kitanda kiko hapa na jiko liko pale. Ndoo ya pili haina mahali. Ikiwekwa nje inaibwa, kwa sababu ndoo ni mali. Mabaki ya omena yakilala siku tatu kwenye joto la Kisumu yananuka, na nzi wanakuja. Vijana wa taka hulipwa kwa mwezi, na mpangaji ambaye mwezi huu hajapata kibarua huruka malipo, gunia lake likaachwa. Mwenye ploti anaishi Milimani, mtaa wa wenye nacho, na hana habari.

Halafu kuna kizuizi kinachovunja moyo kuliko vyote. Mama anatenga maganda kwa uangalifu wiki nzima. Kijana wa mkokoteni anafika, anamwaga ndoo zote mbili ndani ya gunia moja. Amefanya hivyo mbele yake. Kampeni ya miaka mitano haiwezi kurudisha imani iliyopotea asubuhi hiyo, na kusema kweli mama huyo ana haki ya kuacha. Kabla hujamwomba mpangaji yeyote atenganishe, hakikisha mkokoteni una sehemu mbili na kwamba huko unakokwenda kuna mtu anayengoja maganda. Mwenye mradi asiyeweza kulihakikisha hilo abadilishe tabia aliyoichagua, asibadilishe bango.

Zungumza pia na wale wanaotenganisha tayari. Huwa wapo, hata katika ploti iliyochakaa, na ndio wanaosahaulika. Mmoja ana shemeji anayefuga nguruwe. Mwingine ana mfuniko unaobana. Mwingine amepatana na jirani wakashirikiana ndoo moja ya maganda, wakaiweka chini ya ngazi. Tofauti kati ya hawa na wenzao ndiyo ramani yako. Ukiwahoji wasiofanya peke yao, utapata orodha ya malalamiko bila kujua ni lipi hasa linalozuia, maana wanaofanya nao wanaishi na harufu ileile na joto lilelile.

Jambo la kuangalia zaidi: watu hawajui vizuri kinachowasukuma. Mwaka 2008 watafiti wakiongozwa na Jessica Nolan walichapisha utafiti kutoka California kuhusu kuokoa nishati. Watu walipoulizwa sababu zao, walisema ni mazingira, ni manufaa kwa jamii, ni kuokoa pesa. Kuiga majirani waliweka mwisho. Lakini kilichokwenda sambamba zaidi na matendo yao kilikuwa kile walichoamini kwamba majirani wanafanya. Kwa hiyo mpangaji akikwambia "sitenganishi kwa sababu sina muda", mheshimu, andika, kisha uangalie pia jirani zake wanafanya nini.

Na usibebe majibu ya mtaa mmoja kupeleka mtaa mwingine. Kaptembwo kule Nakuru kuna maghorofa; kizuizi cha kwanza kinaweza kuwa ghorofa nne za kushuka na ndoo, si wizi wa ndoo uani. Nakuru pia ina hali yake: maji ya mvua ya mji huteremkia Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina mto unaotoka. Kinachoingia, hubaki. Mkulima wa juu ya Mto Njoro anaweza kuwa anachafua maji yaleyale kwa namna nyingine kabisa, na kwake neno ndoo halina maana yoyote.

Mbinu, kila moja na kizuizi chake

Ukishajua kizuizi, unachagua mbinu. Watu wakisahau, kikumbusho. Wakiwa hawana msukumo, ahadi. Wakidhani wako peke yao, waonyeshwe wenzao. Kama ni usumbufu, ondoa usumbufu, na hapo maneno hayasaidii. Kosa la kawaida ni kutumia kikumbusho kwa mtu ambaye hajakataa wala hajasahau, ila hana mahali pa kuweka ndoo.

Ahadi ina nguvu kuliko tunavyodhani, mradi itolewe kwa hiari na wengine waione. Toronto waliwahi kufanya kampeni ya kuwaomba madereva wazime injini wanapowasubiri watu. Mabango peke yake hayakubadili kitu. Madereva walipoombwa ana kwa ana waahidi, wakabandika kibandiko cha ahadi kwenye gari, waliokuwa wakiacha injini iungurume walipungua kwa karibu theluthi moja. Sisi tuna chombo cha ahadi kilichokomaa kuliko kibandiko chochote, nacho ni chama, kile kikundi cha kuchangishana na kuweka akiba. Mwanachama aliyesema mbele ya wenzake kumi na watano kwamba atatenganisha maganda atalitunza neno lake kwa namna ambayo sahihi kwenye fomu ya afisa mgeni haiwezi kuilazimisha. Ila asisukumwe. Ahadi iliyotolewa kwa sababu chifu amesimama pale barazani huisha chifu akiondoka.

Kikumbusho nacho kinataka mahali na wakati. Wakenya tunao mfano mzuri wa vibandiko ndani ya matatu vilivyowahimiza abiria wapaze sauti dereva anapoendesha vibaya. James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walivijaribu kwa kugawa magari kwa bahati nasibu, na katika jaribio la kwanza madai ya bima yalishuka kwa takriban nusu. Kibandiko kilikuwa mbele ya macho ya abiria wakati uleule alipohitajika kusema. Bango la barabarani lenye maneno hayohayo lisingekuwa na mtu wa kulitumia. Kwa taka, kikumbusho kinapaswa kuwa kwenye mfuniko wa ndoo na kwenye lango la ploti, kikisema siku ya mkokoteni na kuonyesha picha ya kinachoingia. Maneno machache yanatosha.

Kuhusu kile wenzetu wanafanya, hapa lazima niseme kwa nguvu, maana tunajidhuru wenyewe. Mabango yetu hupenda kulaumu: "Wakazi wengi wanaendelea kutupa taka ovyo." Huko Arizona, Marekani, kuna hifadhi yenye miti ya kale iliyogeuka mawe, na wageni walikuwa wakiiba vipande. Robert Cialdini na wenzake waliweka vipande vilivyotiwa alama njiani, wakabadilisha mabango. Bango lililosema wageni wengi wameiba lilifuatwa na wizi wa karibu asilimia 8 ya vipande. Lililowaomba watu wasichukue, bila kutaja wengi, wizi wake haukufika asilimia 2. Bango la kulaumu huwaambia watu kwamba kutupa taka ni desturi ya mji. Bora useme kweli iliyo upande wa pili, hata kama ni ndogo: "Katika ploti hii, nyumba saba kati ya kumi na mbili zinatenganisha." Kama ni mbili tu, usitaje idadi, taja kwamba zinaongezeka kama kweli zinaongezeka. Kudanganya usijaribu, wapangaji wanajuana.

Hata kweli inaweza kugeuka. Mwaka 2007 utafiti wa Wesley Schultz na wenzake mjini San Marcos, California, uliwaonyesha wenye nyumba wastani wa umeme wa majirani. Waliokuwa wakitumia mwingi walipunguza, lakini waliokuwa wakitumia kidogo waliongeza, kana kwamba wameruhusiwa. Ilitosha kuchora uso wa kutabasamu kwenye ujumbe wa hao wa pili ili wabaki chini. Mtu anayefanya vizuri anahitaji kuambiwa kwamba ameonekana.

Pesa, faini na msimu

Vipi malipo na adhabu? Vina nafasi yake, ila hubadili maana ya jambo. Katika shule za chekechea za Haifa, Israeli, Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichunguza faini kwa wazazi wanaochelewa kuwachukua watoto, wakachapisha matokeo mwaka 2000. Kuchelewa kuliongezeka. Kilichokuwa deni la heshima kwa mwalimu kiligeuka bei, na wazazi wakalipa. Faini ilipoondolewa, uchelewaji haukurudi chini.

Kwa upande mwingine, vuguvugu la Green Belt lililoanzishwa na Wangari Maathai mwaka 1977 liliwalipa akina mama kiasi kidogo kwa kila mche uliopona. Mche uliopona, si uliopandwa. Pesa ilifungwa kwenye matokeo tunayoyataka. Nikiona miche ikipandwa kwa maelfu siku moja na hakuna aliyepewa jukumu la kuimwagilia, namkumbuka Maathai na nahuzunika kwamba somo hilo lilikuwa nyumbani kwetu.

Marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 28 Agosti 2017 mara nyingi hutajwa kama ushindi wa kubadili tabia. Ilikuja na adhabu nzito, faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba mfuko ulitoweka mkononi mwa mwuzaji. Mnunuzi hakulazimika kuwa mtu mwema; alilazimika kubeba kikapu. Pale mfuko ulipoendelea kupatikana, kwa magendo ya kuvuka mpaka wa Busia na Malaba, tabia ilirudi kibandani. Hilo linatufundisha kwamba sheria huweza kufunga mlango, lakini haimpi mama mboga kitu cha kufungia nyanya zake.

Msimu nao una uzito. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya utafiti Busia kuhusu mbolea, uliochapishwa mwaka 2011. Wakulima waliopewa nafasi ya kununua mara tu baada ya mavuno, kwa bei ileile ya dukani lakini wakiletewa bila nauli, walinunua zaidi. Nafasi hiyohiyo ikitolewa miezi ya baadaye, pesa zilikuwa zimeshakwenda kwingine. Anayeuza jiko la kuokoa kuni mwezi wa Januari, karo za shule zikidaiwa, asilaumu utamaduni wa wanunuzi wake. Amefika siku mbaya.

Kujaribu kabla ya kutangaza

Hatua ya majaribio ndiyo inayookoa pesa, na haihitaji profesa. Chukua ploti ishirini zinazofanana. Andika majina yao kwenye vikaratasi, kunja, changanya, chota kumi. Hizo kumi zipate ndoo yenye mfuniko wa kubana, mkokoteni wenye sehemu mbili, na ahadi ya hiari mbele ya wapangaji wenzao. Kumi nyingine ziendelee kama kawaida, na zielezwe kwamba zamu yao inakuja.

Kisha pima kwa mizani. Usiulize. Ukiuliza "je, unatenganisha?" kila mtu atasema ndiyo, kwa adabu tu. Mizani ya kupimia samaki inatosha: kilo za maganda safi kwa kila ploti kwa wiki, kabla ya kuanza na baada. Kama ploti kumi za kwanza hazikuzidi zile nyingine, mradi haujafeli, umekwambia kwamba kizuizi ulichokilenga si chenyewe. Rudi uani ukakae tena. Ni heri kulijua hilo ukiwa na ndoo mia kuliko ukiwa na ndoo elfu kumi na hafla ya uzinduzi.

Njia hii ina mipaka yake, na ni lazima isemwe. Haiwezi kuwa kisingizio cha kaunti kutofika. Ambako gari la taka halifiki kwa wiki tatu, kumwomba mpangaji ahadi ni kumwonea. Maji taka yasiyosafishwa yanayoingia Ziwa Victoria hayawezi kuzuiwa kwa vibandiko, na kiwanda hakibadiliki kwa sababu jirani yake ametabasamu. Hapo ni kazi ya sheria, wakaguzi na mahakama. Pia tuangalie mzigo unaangukia nani. Kama kila tabia mpya ya mazingira ni ndoo nyingine ya mama kubeba na binti kuosha, basi tumeongeza kazi ya wale waliokuwa na kazi nyingi tayari. Swali la nani atafanya lazima liulizwe uani mapema, baba wa nyumba wakiwepo.

Wa kueneza tabia hii baada ya majaribio si mtaalamu anayetoka mjini kwa gari. Ni mama mboga wa langoni, ambaye kila mpangaji hupita kwake jioni na ambaye maganda yake mwenyewe ni mengi kuliko ya wote. Ni keyateka, yaani msimamizi wa ploti. Ni mwekahazina wa chama. Watu hawa wakianza, na wakionekana wameanza, maneno hujisambaza bila bajeti ya redio.

Kinachobaki ni kuhama. Ploti za Nyalenda na Manyatta hubadilisha wapangaji kila mara, na mgeni anayeingia leo hakuwepo wakati wa ahadi, hajui siku ya mkokoteni, hana ndoo. Mradi uliofaulu Machi unaweza kuwa umekwisha Desemba bila mtu yeyote kuacha tabia yake. Waliokuwa nayo wamehama tu. Dawa yake ni ndogo na iko mikononi mwa keyateka: ndoo ihesabiwe kuwa mali ya chumba kama kufuli lilivyo, ikaguliwe mpangaji anapotoka, na akabidhiwe anayeingia pamoja na ufunguo, siku hiyohiyo anayooneshwa bomba na choo.